Isale ya Priska

Huku kwetu wanasema Eliezeri amerudisha isale, halafu wanatikisa vichwa. Ni kweli niliirudisha. Ninalojilaumu mimi ni la mwanzo, la kuipokea, lakini hilo halisimuliwi kilabuni wala kanisani kwa sababu kila mmoja wao angefanya vilevile.

Nina miaka sitini na mbili. Nina kihamba cha migomba na kahawa huku juu ya Moshi, ng'ombe wawili wa maziwa, na binti mmoja aliyebaki nyumbani, Priska, kidato cha nne. Kaka zake wana miji yao Dar na Mwanza, hunikumbuka Krismasi ikikaribia. Mama yao alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao, yaani mimi, si mtu wa maneno mengi.

Jumatatu moja ya Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, Priska alirudi kutoka shule saa nne asubuhi. Nilikuwa nachuma kahawa. Akasema, "Shikamoo baba," akaingia chumbani kwake, hakutoka. Jioni nikasikia kwa jirani kwamba amekutwa na simu shuleni. Simu haziruhusiwi, hilo linajulikana, na mimi hata sikujua kama anayo. Kumbe alipewa na shangazi yake. Nikasema moyoni, basi, ameadhibiwa, yatapita. Nilimpelekea chakula nikakiweka nje ya mlango. Sikumwuliza kitu, na nilidhani huo ndio upole.

Jumanne hakwenda shule. Jumatano pia. Siku zote hizo nilipita mbele ya mlango wake nikiwa na ndoo, nikiwa na panga, nikiwa na majani ya ng'ombe, na kila mara nilikohoa kidogo ili ajue nipo. Mtu mwingine angebisha hodi.

Jumamosi saa kumi jioni wakaja wageni. Mbele Mzee Isack, jirani yangu na mzee mwenzangu wa kanisa, tuliyepata kipaimara naye siku moja. Nyuma yake mwanawe, Praygod, mwalimu wa nidhamu wa shule yetu ya kata, na wazee wawili wa ukoo wao. Praygod ameshika jani la isale kwa mikono miwili, macho chini.

Kwa asiye wa huku nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu aliyekukosea akija na jani lake mkononi, hutakiwi kumwuliza amekosa kiasi gani. Unalipokea, mnakaa, mnakunywa, na neno lile halitajwi tena, si na wewe, si na watoto wako. Baba yangu alipokea isale ya mtu aliyesogeza mpaka wetu hatua nne, na mpaka leo migomba ile iko kwao. Sijawahi kusikia aliyekataa.

"Eliezeri," akasema Mzee Isack, "mtoto wetu amekosea. Alimwadhibu binti mbele ya wenzake kupita kipimo, na haya mambo ya picha picha za simu yakaingia humo. Tumekuja tuyamalize kiutu uzima."

Mambo ya picha picha. Mimi simu yangu ni ya vitufe, inapiga, inapokea na inamulika. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Na niseme ukweli, nilijisikia mkubwa. Kuombwa msamaha na mwalimu mwenye digrii, kwangu, kwenye benchi langu, si jambo la kila wiki. Nikalipokea jani. Praygod akatoa karatasi, akasema ni ya kumbukumbu tu, na mimi miwani iko ndani, nikatia sahihi. Tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi mzee wa kanisa nilikunywa kidogo tu, ya heshima, ingawa heshima yenyewe ilijazwa mara tatu.

Muda wote huo Priska alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Hakuna aliyemwita. Wageni walipoondoka nikalichomeka lile jani juu ya mlango wa sebule, nikamwambia, "Basi mwanangu, yamekwisha."

Akaniuliza, "Yamekwisha kwa nani, baba?"

Nikamwambia aache kichwa kigumu. Kesho yake, nikiwa ibada ya kwanza, alichukua begi lake akashuka mjini, mtaa wa Soweto, kwa dada yangu Violet.

Nilimpa siku tatu za kununa. Zikawa wiki. Wiki zikawa tatu. Nilikuwa nadhani nyumba yetu ilikuwa kimya hata alipokuwepo, kumbe yule mtoto alikuwa na sauti nyingi: fagio lake alfajiri, ndoo, kurasa za daftari, kikohozi chake cha baridi. Sasa nilikuwa nasikia saa ya ukutani, na ile saa ilishakufa betri zamani, kwa hiyo kusema kweli sikusikia kitu. Nilipika kiburu, ndizi zetu za maharage, cha watu wawili mara nne kabla mkono haujazoea. Nikimpigia Violet ananijibu, "Yupo, hajambo," halafu anasubiri niseme neno, na mimi neno sina, nakata. Nilikuwa mpweke, na niliona haya kuwa mpweke, mzee mzima mwenye ng'ombe na kiti kanisani.

Wiki ya nne nilifunga mkungu wa ndizi na lita tatu za maziwa nikaenda Soweto kumchukua. Sikujiandaa kumwuliza lolote. Nilijiandaa kumwambia shule isingemsubiri.

Violet ni fundi cherehani, mdogo wangu wa mwisho, na ulimi wake hauna pazia. Akanipokea mzigo, "Shikamoo kaka," akanikalisha kati ya vitambaa vya watu.

"Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumchukua. Mtihani ni Novemba."

"Kaka, ile video umeiona?"

"Video gani?"

Aliacha kukanyaga cherehani. Alinitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuangalia viatu vyangu.

"Kwa hiyo umesamehe kitu hukijui," akasema. Kisha akageukia mlango wa chumba. "Priska, nimwonyeshe?"

Sauti ya mwanangu ikatoka ndani, kavu. "Mwonyeshe tu, shangazi. Kata nzima imeona, amebaki yeye."

Ilikuwa ya dakika nne. Wanafunzi wako mstarini, mlingoti wa bendera nyuma yao. Priska amesimama juu ya kiti, uso ameufunika kwa mikono, na mtu anayerekodi anamwambia aishushe. Praygod amesimama pembeni yake na simu ya mtoto mkononi. Anasoma. Anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya harusi, ujumbe mmoja baada ya mwingine, alioandika Priska kwa rafiki yake aliyehamia Arusha. Nilitegemea kusikia mambo ya wavulana, na nilikuwa tayari nimekasirika.

Akasoma: "Siku zangu zimefika tena. Nimekata kanga ya mama ile ya zambarau, hakuna kingine. Naona aibu kumwomba baba hela ya taulo za kike. Hata nikimwomba ataangalia chini halafu atatoka kwenda kukata majani."

Watoto wakacheka. Praygod akangoja wamalize, akaendelea.

"Tangu mama afariki hakuna anayeniuliza umeshindaje. Tunakula kimya. Nikitoka shule namsimulia ng'ombe, angalau yeye anageuza kichwa."

Wakacheka zaidi, na mmoja wao akatoa sauti ya ng'ombe. Priska akashuka kwenye kiti, akaanguka goti moja, akasimama, akakimbia. Kamera ikamfuata mpaka getini. Mwisho wake Praygod anaitazama kamera anasema, "Wazazi, haya ndiyo wanayoandika watoto wetu. Iwe fundisho." Kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na kutoka hapo ikaenda inakojua yenyewe.

Nilikaa. Ile kanga niliwahi kuitafuta. Nilidhani panya wameila. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na haikuwa kwa ajili ya watu walionicheka. Mtoto wangu alikuwa ameomba kuulizwa umeshindaje, na aliyekuja kuniambia ni mwalimu wa nidhamu, kupitia simu ya dada yangu, mwezi mzima baada ya kijiji.

Violet akanipa na lililobaki. Alishampeleka Priska kwa afisa ustawi wa jamii, lalamiko likaandikwa. Shule ikajibu kwa nakala ya karatasi. Karatasi inasema mzazi ameridhika, familia haina dai lolote, na kwamba video ilichukuliwa kwa lengo la malezi.

"Sahihi ni yako," akasema. "Ile yenye mkia."

Nikainuka nikaenda mlangoni pa chumba. Priska amekaa kitandani na kitabu cha Baiolojia. Amekonda. "Shikamoo baba," akasema. Shikamoo hakuninyima hata siku moja.

"Marahaba." Kisha nikakwama. Nikajikaza. "Unataka iweje, mwanangu?"

Alinitazama kama anahakikisha ni mimi. "Nataka ile video itolewe kwenye kundi, na kila aliyeichukua aambiwe aifute. Nataka mwalimu aandike kwamba lilikuwa kosa, asiandike malezi. Na nataka nifanye mtihani wangu yeye akiwa mbali na mimi."

"Basi?"

"Na nilitaka uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote, baba."

Sikumchukua. Violet akasema afisa ananihitaji Alhamisi niseme kwa mdomo wangu kama kweli nimeridhika. Nikasema nitakuja. Nilipanda mlimani na chombo cha maziwa kitupu, na nilipofika nikasimama chini ya lile jani. Lilikuwa limeshakauka, limejikunja ncha. Serikali ingetosheka na maneno yangu. Mimi nisingeweza kusimama mbele ya mtu niseme sijasamehe, isale ya Isack iko juu ya mlango wangu. Tumelelewa hivyo, na kufuta hivyo kwa karatasi haiwezekani.

Jumatano asubuhi nikalichomoa nikaenda.

Mzee Isack alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja. "Karibu, karibu," akasema, kisha akaona mkono wangu. Akatazama pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake anavaa.

"Umekosea njia, Eliezeri."

"Sijakosea. Nimelileta."

"Isale hairudishwi."

"Najua."

"Aliyekosewa akishapokea..."

"Aliyekosewa hakupokea, Isack. Alikuwa jikoni kwangu, hatua kumi kutoka kwenye benchi, na sisi watu wazima watano hatukumwita. Nilipokea mimi. Mimi nilikosewa nini? Nilinywa mbege."

Akaacha kahawa. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anashangaa kwa dhati. "Tangu lini mtoto akapelekewa isale?"

Lilikuwa swali la haki, na nililifikiria. Sijawahi kuona. Baba yangu hajawahi kuona.

"Sijui," nikasema. "Mimi najua tu kwamba niligawa kisichokuwa changu."

Praygod akatoka ndani, amevaa tayari kwa shule. "Shikamoo mzee. Mzee, mimi ile video nilishaifuta kwangu."

"Marahaba. Na kwa wengine?"

"Watu walishaipakua. Siwezi kuingia kwenye simu za watu."

"Ya kwake uliingia."

 Sitaki kumsingizia, nadhani lilimwingia, maana masikio yalimbadilika rangi. Lakini akasema, "Simu ni kosa shuleni, mzee. Sheria ni sheria." Nikamwambia simu angeichukua, angeivunja hata, angemchapa anavyoruhusiwa, na mimi ningemsalimia njiani kama kawaida. Maneno ya mtoto kwa rafiki yake hayakuwa ya shule. Sikujua kama nina maneno hayo mpaka yalipotoka.

Nililiweka jani kwenye kichanja, juu ya kahawa, kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono.

"Ukiondoka hapa hivyo," akasema Isack, "usinihesabu tena."

"Nimekuhesabu miaka hamsini. Sijui nitaachaje."

Nikaondoka. Nililia njiani, nikamshukuru Mungu kwa ukungu.

Habari zilishuka mlima haraka kuliko mimi. Alhamisi asubuhi, kwenye kituo cha maziwa, nilisalimia watu tisa nikajibiwa na mmoja, mgeni, dereva wa gari la maziwa. Mama aliyezoea kushika foleni mbele yangu alisogeza ndoo yake upande wa pili. Kabla sijafika barabarani simu ikaita, katibu wa wazee wa kanisa, kwa upole mwingi, ananiambia Jumapili nipumzike, atashika sadaka mwingine. Nikamwuliza nipumzike Jumapili ngapi. Akasema tumwachie Bwana.

Njia nzima kwenda mjini nilikuwa napanga hotuba. Nitasema mimi Eliezeri nafuta sahihi yangu. Nitasema kuhusu kanga. Nitamsikiliza mwanangu akieleza yote, tangu asubuhi ile, na safari hii nitakuwa nimekaa kando yake, mkono wangu kwenye mgongo wa kiti chake, na nikikumbuka nilichoacha nyuma huko juu nitaona kwamba ilistahili kukiacha. Hilo la mwisho ndilo lililonibeba.

Afisa alikuwa mama kijana mwenye sauti ya chini, ofisi ndogo, mafaili mpaka dirishani. Priska alikuwa ameshafika na Violet, na Violet akabaki nje kwenye benchi. Tukaingia wawili. Nikatoa hotuba yangu. Afisa akaisikiliza yote, akaandika mistari miwili, akanisomea: mzazi anaeleza kuwa alitia sahihi bila kusoma na bila kumhusisha mtoto, na kwamba hajaridhika. Isack, kanisa, watu tisa wa maziwa, vyote vikaingia kwenye mistari miwili. Nikatia sahihi, safari hii na miwani.

"Asante, baba," akasema. Kisha akamgeukia mwanangu. "Sasa ni maelezo yako, Priska. Lalamiko ni lako. Una haki ya kueleza mzazi akiwepo au asiwepo. Ungependa vipi?"

Nilitabasamu. Nilishaweka mkono kwenye mgongo wa kiti.

 Priska alitazama mikono yake, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na ubaya hata kidogo.

"Baba," akasema, "naomba unisubiri nje."

Ningependa kusema niliinuka palepale. Sikuinuka. Nilibaki nimekaa nikitegemea atabadilisha, na iliniuma hadi kwenye meno, kwa sababu nilikuwa nimekuja na mikono mitupu kabisa na hicho kiti ndicho pekee nilichotegemea kupata. Afisa hakunihimiza. Kalamu yake ilisubiri. Ndipo nilipokumbuka kwamba ameniomba. Katika mambo haya yote, yeye peke yake ndiye aliyeniomba kitu akiwa na haki ya kukidai. Nikaondoa mkono kwenye kiti.

"Sawa, mwanangu," nikasema, nikatoka, nikafunga mlango.

Violet alikuwa ameenda kutafuta maji. Benchi lilikuwa tupu. Nikakaa karibu na mlango. Muda si mrefu nikasikia sauti ya Priska ikianza, taratibu, kisha ikikaza mwendo. Aliongea. Miaka mitatu sijamsikia akiongea mfululizo namna ile, na ubao wa mlango ulikuwa mwembamba, na nilijua nikiinamisha kichwa kidogo tu maneno yatanifikia moja moja.

Nikainuka, nikaenda kukaa mwisho wa benchi, upande wa mbali, mahali ambapo nilisikia sauti yake tu.